Sehemu ya Mwenye Mto

Ningesema hapana siku ile Madame Furaha aliponiomba nikae kwenye kiti cha mwenye mto, leo nisingekuwa na habari hii ya kuwasimulia, ningekuwa mzee kama wazee wengine wa mtaa wetu, nalalamikia magoti yangu na matope ya njia. Sikusema hapana. Nilisema ndiyo upesi, kama mtoto aliyeitwa kula, na nilifurahi, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba nilifurahi. Aibu niliyoipata siku hiyo haijanitoka mpaka sasa, na ninaisimulia kwa sababu mke wangu anasema nikiendelea kuibeba peke yangu itaniua kabla ya presha.

Niwaambie kwanza nilikuwa nani. Nilimaliza sekondari, sehemu ya kemia na biolojia, halafu baba akafa na masomo yakaishia hapo, nikapata kazi ya mtumishi wa maabara kwenye chuo kimoja hapa Kisangani. Kuosha chupa, kufungua milango, kupanga vifaa kabla walimu hawajafika, kuvipanga tena wakishaondoka. Wanafunzi waliniita Papa Labo, yaani Baba wa Maabara. (Majirani zetu wa mtaa wa Tshopo waliamini kwamba mimi ni profesa, na sikujisumbua kuwasahihisha, mtu akivaa koti jeupe miaka mingi, watu wanamalizia wenyewe yaliyobaki.)

Madame Furaha nilimjua tangu akiwa mwanafunzi, msichana mwembamba aliyetoka Kindu, hana ndugu hapa mjini, anafika maabara asubuhi na mapema kusoma kwa sababu pale alipopanga chumba kulikuwa na kelele. Nilikuwa nikimfungulia. Mke wangu akaanza kunipa mkate wa ziada wa kumpelekea, halafu akaanza kumwita Jumapili aje kula pondu, kisamvu chetu, na mwisho akawa anaingia jikoni kwetu bila kubisha. Aliniita papa, na sisi wawili, ambao Mungu hakutupa mtoto, hatukumkatalia. Akaenda nje kusoma, akarudi na udaktari wake, wakampa kuwafundisha wanafunzi wa masta, shahada ya pili, lile somo ambalo kila mwaka lilikuwa likiwamaliza, takwimu za viumbe hai, yaani namna ya kuhesabu samaki na ndege na wadudu ambao huwezi kuwaona wote.

Watu wazima walilia kwenye somo lile. Mwalimu aliyekuwepo zamani alisoma madaftari yake kwa sauti, wao wanaandika, mtihani ukija wanaanguka. Madame Furaha akaja na michezo. Karata, kete, kamba, kokoto. Watu wenye ndevu na wake zao nyumbani walikaa chini wakarusha kete kama watoto wa shule ya msingi, wakacheka, na baada ya kucheka wakaandika ubaoni hesabu ambazo mwezi uliopita hawakuweza hata kuzisoma. Alikuwepo mama mmoja, Neema, mwalimu wa sekondari aliyekuwa ameanguka katika somo lile mara mbili, na nilimsikia kwenye korido akimwambia mwenzake kwa Kiswahili chetu cha hapa, "Sasa njo naelewa, Mungu wangu, kumbe ilikuwa hivi tu?"

Lakini walimu wazee hawakupenda. Wakasema chuo kimegeuzwa uwanja wa watoto, wakapeleka malalamiko kwa mkuu wa kitivo, tuliyezoea kumwita doyen, na doyen akasema atakuja mwenyewe kuangalia somo moja, kisha ataamua kama michezo iendelee au ikome. Mnaelewa basi uzito wa siku yenyewe. Madame alichagua mchezo wake bora kuliko yote, mchezo wa mto.

Niueleze, maana hata mimi niliuelewa. Unachukua beseni kubwa, unalijaza vumbi la mbao, huo ndio mto. Ndani unachanganya maharage meupe, hao ndio samaki, na idadi yao anaijua mtu mmoja tu, mwenye mto, aliyeiandika kwenye karatasi na kuifunga ndani ya bahasha. Wanafunzi wanavua samaki mia, wanawatia alama ya rangi, wanawarudisha. Beseni linachanganywa vizuri. Wanavua tena mia. Ikiwa katika hao mia wa pili robo wana rangi, basi wale mia wa kwanza ni robo ya mto mzima, na mto una samaki mia nne. Ndiyo hesabu yote. Kwenye daftari ni herufi na sehemu zinazomtoa mtu jasho, ndani ya beseni hata mpishi anaielewa.

Kwa kuwa ukoo wa mama yangu ni wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto, Madame aliniomba nisuke mitego midogo ya fito, ya kushika mkononi, na nilipokuwa nikiisuka wiki ile wanafunzi walikaa nami, nami nikawapigia hadithi za babu yangu. (Mzee akipata wasikilizaji hana breki.) Nikawaambia kwamba babu alikuwa na sehemu yake kati ya mawe, na mtu akitega hapo, kabla ya kwenda nyumbani alipita kwa babu na kumwachia samaki kidogo, na babu hakuomba wala hakuhesabu, alinyoosha tu mkono huku akitazama pembeni. Wakacheka sana. Nikawaonyesha mkono ulivyonyooshwa.

Siku moja kabla ya doyen kuja, Madame akaingia maabara.

"Papa, kesho niko naomba weye njo ukuwe mwenye mto."

"Miye? Miye mutu wa kuosha chupa?"

"Weye. Mitego ni yako, hadithi ni yako. Bon, kazi ni kidogo: kuhesabu maharage, kufunga bahasha, kurudisha samaki kwenye maji. Na kunyamaza."

"Kunyamaza ninajua."

"Hapo njo sina hakika," akasema, akacheka.

Ningemwambia, mtoto wangu, tafuta mtu mwingine, mimi nimezeeka na napenda kuchekesha watu. Badala yake nilikwenda sokoni mwenyewe kwa mama mmoja wa Butembo nikachagua maharage yasiyo na tundu hata moja, nikapiga pasi koti langu. (Mfuko wa kulia ulikuwa umeachia uzi. Mke wangu aliniambia nilivue aushone, nikasema hakuna muda, doyen hataangalia mifuko.)

Asubuhi ilifika. Nilihesabu maharage mia nne mara tatu, nikaandika, nikafunga bahasha, nikaibandika ubaoni. Wanafunzi kumi na wawili, makundi manne. Mimi nimekaa mbele, kwenye kiti chenye mikono walichokitoa ofisini, beseni miguuni, kama chifu. Doyen alikuwa amechelewa, Madame akasema tuanze, atatukuta. Wakavua, kila kundi maharage ishirini na tano, wakayapaka rangi nyekundu ya kucha aliyoileta Neema, wakayaacha yakauke, na Madame alipogeuka kuandika ubaoni wakaanza kuniletea niyamwage tena mtoni.

Wa kwanza alikuwa Dieumerci, kijana wa maneno mengi kuliko wote darasani.

"Papa Labo, mwenye mto anaangalia tu samaki inapita? Haiko na njaa?"

"Iko na njaa sana," nikasema.

"Alors kamata sehemu yako!"

Nami nikanyoosha mkono, nikatazama pembeni kama babu. Darasa likapasuka kwa kicheko. Nikachota kiganja kutoka kwenye sahani yake, nikatia mfukoni, yaliyobaki nikayamwaga mtoni. Nia yangu ilikuwa kuyarudisha yale ya mfukoni baada ya dakika moja, naapa. Lakini kundi la pili nalo likataka mzee afanye vilevile, na la tatu, na la nne, "Usitunyime baraka, papa!" na kila mara mkono unanyooshwa, kila mara wanacheka zaidi, hata Madame akacheka bila kugeuka, akidhani ni maneno yangu ya kila siku. Mimi ambaye kwa miaka yote nilipita nyuma ya madarasa na ndoo, siku hiyo darasa zima lilikuwa linanitazama mimi.

Mkono wangu ukiwa bado mfukoni, mlango ukafunguliwa, doyen akaingia na walimu wawili wazee.

Kila mtu akasimama. Vicheko vikakatika. Doyen, mtu wa suti hata kukiwa na joto la kuua, akatazama beseni, akanitazama mimi kwenye kiti cha ofisini.

"Tunaambiwa hapa masta inacheza na maharage."

"Tunajifunza na maharage, Monsieur le Doyen," Madame akajibu kwa upole. Akawaeleza walipofikia, kisha akanigeukia. "Mwenye mto, samaki wote wamerudi majini?"

Hapo ndipo penyewe. Ningeweza kusema, ngoja kidogo, Madame, mzee amekula. Wangecheka, ningerudisha, tungeendelea. Lakini niliona macho ya doyen kwenye koti langu, nikaona aibu kutoa kiganja cha maharage mfukoni mbele ya wakubwa, kama mwizi wa jikoni.

"Wote, Madame."

Dieumerci alinitazama, halafu akatazama viatu vyake. Nadhani alijiambia kwamba huenda niliyarudisha yeye hakuona.

Beseni likachanganywa. Wakavua mara ya pili, ishirini na tano kila kundi, wakatafuta mekundu. Matatu. Mawili. Manne. Mawili. Madame akaandika kumi na moja, na nilimwona akisita na chaki, maana yeye alikwisha kucheza mchezo huu mara nyingi na alijua kwamba kumi na moja si kitu cha kawaida. Wakapiga hesabu. Mto una samaki mia tisa na tisa. Doyen mwenyewe akabandua bahasha ubaoni, akaifungua, akasoma kwa sauti: mia nne.

Mmoja wa walimu wazee alikohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha furaha.

"Donc," akasema doyen, "hawa tukiwatuma kuhesabu samaki ya mto, watatuambia iko mara mbili kuliko ile iko kweli. Na watu watavua mpaka mto ubaki maji matupu. Njo hiyo mchezo inafundisha?"

Jasho lilimtoka Madame juu ya mdomo, lakini hakuinama. Akasema, "Tukipata jibu baya, tutafute kosa. Kosa nalo ni somo." Akawageukia wanafunzi. "Nini kinaweza kufanya hesabu ipande hivi?"

Neema, yule aliyeanguka mara mbili, akainua mkono polepole.

"Labda samaki yenye alama ilitoka mtoni. Kama zile nyekundu zilipunguka, tutakamata kidogo, na tutafikiri mto ni mukubwa kumbe hapana."

Ningependa mngeuona uso wa Madame. Uling'aa. Ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwaka uanze, mtu kufikiri mwenyewe, bila daftari, mbele ya doyen. Na Neema alikuwa sahihi kabisa, na ushahidi ulikuwa kwenye mfuko wangu, unapata joto. Ningeutoa tu pale, mchezo ungekuwa umeshinda, hata makosa yangu yangegeuka somo ambalo wasingelisahau. Mlango ulikuwa wazi namna hiyo.

Doyen akaniuliza, "Papa, weye njo mulinzi wa huu mto. Iko kweli kuna zenye zilitoka?"

"Hapana, Monsieur le Doyen. Hata moja."

Neema akashusha mkono. "Pardon," akasema, akakaa, na nilimwona akilifuta lile wazo alilokuwa ameandika kwenye daftari lake. Mimi nilimfanya afute kitu cha kweli.

"Bon," akasema doyen, "lete beseni hapa mezani, tuhesabu yote, tumalize."

Nikasimama. Nikainama, nikashika beseni kwa mikono miwili, nikainuka, na mkono wa kile kiti cha kichifu ukanasa mfuko wangu wa kulia. Nikasikia kitambaa kikilia. Halafu nikasikia sauti nyingine, ndogo, kwenye saruji, ta, ta-ta, ta-ta-ta-ta, na sikuthubutu kutazama chini, nikaendelea kutembea na beseni langu (kana kwamba nikitembea sawasawa hakuna atakayeona!), na kila hatua maharage mekundu yakawa yanadondoka nyuma yangu kama kinyesi cha mbuzi anayepita sebuleni.

Mwanzo walicheka. Walicheka kweli, hata wale walimu wazee, mmoja alishika ubavu. Nikafika mezani, nikaweka beseni, na la mwisho likadondoka, likabiringika mpaka kwenye kiatu cha doyen.

Yeye hakucheka. "Papa. Hii ni nini?"

Nimejiuliza mara nyingi lile neno lilitoka wapi. Sikulipanga. Nilikuwa na nywele nyeupe, nimesimama mbele ya watu walioniita papa, na mfuko umechanika, na ulimi ukatafuta shimo la kujificha, ukalipata.

"Madame njo alinituma," nikasema. "Alisema nizifiche."

Kicheko kilikwisha mara moja.

Doyen akageuka. "Iko kweli, madame? Ulipanga matokeo mbele yetu?"

Furaha hakumtazama. Alinitazama mimi. Si kwa hasira, ningeielewa hasira. Alitazama mfuko ulioning'inia, kisha uso wangu, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali fulani na sasa hakioni. Alijua kwamba akisema hapana, mimi ni mwongo mbele ya mkuu wa kazi, na kwa mtumishi wa umri wangu huo ni mwisho. Dieumerci alifungua mdomo, "Monsieur le Doyen, ile ilikuwa tu kuche..." naye Furaha akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mchezo ni wangu," akasema. "Kosa muandike kwangu."

Walipoondoka wote nilibaki nikiokota maharage chini ya viti. Alirudi kuchukua mkoba wake. Nilijiandaa kutukanwa, nilitamani kutukanwa. Akasimama mlangoni.

"Papa, ulikuwa unaogopa nini?"

Nilikuwa nimepiga magoti, na maharage mkononi, nikaendelea kuokota. Akaenda.

Jumapili mke wangu alipika pondu akaweka sahani tatu. Furaha hakuja. Nikamwambia mke wangu kwamba ana kazi nyingi. (Uongo mwingine huo, nilikuwa nimeshazoea.) Jumatatu sikwenda kwa doyen. Wala Jumanne. Kila asubuhi nilipanda toleka, nikamwambia mwenye baiskeli aniteremshe mbele ya jengo la utawala, na kila asubuhi nilipolifikia nikamwambia aendelee. Zilipita siku saba. Siku ya nane nikaingia, nikaeleza yote, kiganja kwa kiganja, nikilia, na doyen akanisikiliza mpaka mwisho akiwa na kalamu mkononi.

"Papa, siku ile ulisema wote walirudi. Kisha hata moja haikutoka. Kisha madame alikutuma. Leo unasema ingine. Miye niamini ya gani?"

"Hii ya leo."

"Barua ya adhabu yake ilishatoka," akasema. "Na yeye aliisaini bila kujitetea. Nenda kupumzika."

Michezo ilikatazwa. Somo lilirudishwa kwa mwalimu wa zamani na madaftari yake. Neema alianguka mara ya tatu, akaacha masta, nilimwona siku moja sokoni akanisalimia vizuri, na heshima yake ilinichoma kuliko tusi. Kwenye faili ya Furaha kulibaki kwamba alidanganya katika matokeo, na kwa mtu wa sayansi hakuna doa linalozidi hilo, hakuna chuo hapa kilichotaka kumpa darasa tena. Akarudi Kindu. Mimi sikufukuzwa. Nilifanya kazi mpaka siku ya kustaafu, wakanipa picha ya pamoja na soda.

Mke wangu alijua ukweli kutoka kwangu, nikiwa nimechelewa sana. Hakupiga kelele, aliuliza tu kama Furaha alikuwa amekula chochote siku aliyoondoka mjini. Niliandika barua, nikampa mtu anayesafiri kwenda Kindu. Jibu lilikuja kwa simu, maneno machache: ameisoma, asante, tujitunze. Mwaka uliofuata mtu wa kule alitupa habari kwamba ameolewa, na mjomba wake ndiye aliyesimama mahali pa baba. Sisi tulisikia harusi ikiwa imepita. Sasa ana mtoto wa kike ambaye hatujui jina lake.

Kusimama mbele ya watu na kusema uongo sitarudia, lakini hiyo si ahadi kubwa, hakuna anayeniita tena kusimama mbele ya watu. Ile ndiyo yangu ya kukaa kwenye kile kiti ilimgharimu Furaha kazi yake na jina lake, na mimi na mke wangu ilitugharimu mtoto pekee tuliyewahi kuwa naye.